Heri Kidogo Kuliko Hakuna?

Katika mkutano mmoja hapa Chake Chake niliuliza: hii programu ya akili mnemba itakayotuambia mgonjwa yupi apelekwe hospitali, imefunzwa kwa taarifa za watu gani? Nikajibiwa kwamba madaktari bingwa hatuna, basi heri kidogo kuliko hakuna. Jibu hilo limenikaa kooni hadi leo.

Haki na usawa sitavifafanua. Misingi 6 ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 kuhusu akili mnemba katika afya yatosha. Wanaosema kwamba binadamu naye hukosea, nawakubalia.

Lakini hiyo “heri kidogo” tulishaionja Pemba. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watoto wetu zaidi ya 24,000, wote chini ya miaka mitatu, waliingizwa katika utafiti: wengine walipewa madini chuma, wengine kidonge kisicho na dawa. Nani angebisha, na watoto damu ilikuwa pungufu? Agosti 2003 chuma kikasitishwa. Jarida la Lancet la 2006 likaeleza kwamba katika kisiwa chenye malaria nyingi kama chetu, waliopewa chuma walizidi kwa asilimia 12 kufa au kulazwa. Hakuna ilikuwa heri kuliko kidogo! Lakini katika kundi dogo lililopimwa damu na kufuatiliwa kwa karibu, waliokutwa na upungufu wa chuma walinufaika kwa dawa ile ile.

Tena hiyo “hakuna” si kweli. Yupo nesi, yupo mkunga, na neno la mashine likishatoka, nani atawasikiliza?

Na mashine hujifunza kwa kilichoandikwa daftarini tu. Mwaka 2019 Ziad Obermeyer na wenzake walifichua programu ya Marekani iliyopima ugonjwa kwa fedha za matibabu. Wamarekani weusi, waliotumiwa fedha kidogo, wakaonekana wazima kuliko walivyo. Sasa mama wa Kisiwa Panza aliyekosa chombo cha kumvusha, akazalia nyumbani na kuvuja damu, ameandikwa wapi? Programu iliyofunzwa kwa madaftari ya Hospitali ya Abdalla Mzee, Mkoani, itamhesabu miongoni mwa wazima.

Chuma kilisitishwa kwa sababu palikuwa na kundi la kulinganishia na watu waliokagua hesabu kabla ya mwisho. Nani basi akae bila programu ili tujue kama inawadhuru wenzake? Watoto wale hawakujichagulia kidonge. Walipangiwa kwa kura. Siko tayari kusema kura hiyo ipigwe tena, wala siko tayari kuipokea programu bila ya hiyo.