Hisani na Chambo

Mvuvi anapotia chambo katika ndoana humpa samaki chakula. Mama anapopakua wali humpa mtoto wake chakula. Ukiitazama mikono yao, wote wawili wanatoa. Na ukikitazama chakula chenyewe, pengine cha mvuvi ndicho kinono zaidi. Tofauti yao haimo mkononi wala haimo chakulani. Imo katika jambo linalofuata baada ya kula.

Msomaji wangu, swali ambalo napenda tulichunguze pamoja ni hili: mtu akimtendea mwenzake wema, na huku anatamani kumwingiza katika imani yake, je, wema huo ni hisani au ni chambo? Usidhani ya kuwa swali hili ni la wanazuoni peke yao. Huenda wewe mwenyewe ulipata kuketi mbele ya bakuli la uji lililotolewa kwa jina la dini, na huenda kesho kutwa utakuwa wewe mwenye kushika upawa.

Shule zetu za msingi huwaachia watoto alasiri. Saa hizo mama bado yuko sokoni, baba yuko kazini au yuko njiani akitafuta kibarua, na mlango wa nyumba umetiwa kufuli. Tangu saa kumi mpaka magharibi mtoto hana mwenyewe. Kwa sababu hiyo makanisa mengi katika miji yetu hufungua kumbi zao wakati huo. Watoto hupewa uji, husaidiwa hesabu na kusoma, hucheza, husimuliwa kisa cha Biblia, huombewa, kisha hurudi makwao. Wala walezi wao hawaishii kwa watoto. Huwafuata wazazi nyumbani, huwajulia hali, na penye shida huchanga fedha za vitabu au za sare. Hii ni kazi njema, na mtu asemaye vingine hajapata kumwona mtoto akifanya hesabu kwa tumbo tupu.

Mimi ni Mkristo, na kazi hiyo nimepata kuifanya. Nilipotoka chuo cha ualimu na kuanza kufundisha Mombasa, nilijitolea jioni mbili kwa juma katika ukumbi wa kanisa moja ambalo sitalitaja, si mbali na soko la Kongowea. Miongoni mwa watoto walikuwamo wa Kiislamu, maana mtaa wenyewe ulikuwa wa watu mchanganyiko. Mmoja wao alikuwa msichana wa miaka kumi, aliyekuja na mdogo wake wa kiume. Mama yao alikuwa akikaanga mihogo na kuuza. Mwisho wa juma watoto hao walikwenda madrasa, na siku nyingine walikuja kwetu. Wakati wa maombi msichana yule aliketi kimya, mikono mapajani, wala hakuna aliyemsumbua. Alipokuja hakuweza kusoma sentensi moja mpaka mwisho. Kabla mwaka haujatimia alikuwa akimsomea mdogo wake hadithi.

Siku moja kamati iliketi kugawa fedha za sare. Fedha zilikuwa chache na watoto walikuwa wengi. Mjumbe mmoja akatoa shauri ambalo masikioni mwa mkutano lilikuwa na busara: wapewe kwanza watoto ambao wazazi wao huhudhuria ibada ya Jumapili, kwa kuwa hao tunawajua. Mama aliyekuwa akipika uji aliingia wakati huo kuchukua sufuria. Hakuwa mjumbe, lakini alisema ya kuwa njaa haina dini. Watu wakacheka kwa upole, na shauri likapita. Nami nilikuwa nimeketi pale. Nilijua ni jina la nani litakalokatwa, na nilinyamaza.

Habari haina miguu lakini hufika. Kabla ya sare kununuliwa, msichana yule na mdogo wake waliacha kuja. Baada ya majuma mawili nilikwenda kwao pamoja na yule mpika uji. Mama alitupokea vizuri, akatupa mkeka na maji ya kunywa. Nilipomwuliza kwa nini watoto hawaonekani, alijibu kwa sauti ya chini: "Mwalimu, mwanangu mmemfundisha kusoma, nami nashukuru. Ila sikujua kuwa kuna bei. Mngeitaja mapema, ningetazama kama ninayo."

Maneno hayo yalinichoma kuliko matusi. Nilikuwa nimejiandaa kujibu lawama ya kuwa tunawageuza watoto dini, na mama yule hakunilaumu kwa hilo. Alikuwa akijua tangu siku ya kwanza ya kuwa ukumbi ule ni wa Wakristo na ya kuwa humo Biblia husomwa. Alilolalamikia ni bei iliyofichwa. Tulikuwa tumempa mtoto wake uji na maarifa mwaka mzima kwa jina la hisani, kisha tukamletea mzazi hesabu ya deni.

Msomaji, ukitazama nyuma katika historia utaona ya kuwa kosa hili si geni. Mwaka 1780, katika mji wa Gloucester huko Uingereza, mwenye gazeti mmoja aitwaye Robert Raikes, akisaidiwa na kasisi Thomas Stock, alianzisha shule za Jumapili kwa watoto wa maskini. Watoto wengi wa mji ule walikuwa wakifanya kazi siku sita za juma, wengine katika viwanda vya pini, na siku ya saba walizurura njiani. Raikes aliwalipa wanawake wawafundishe kusoma na kuwapa mafunzo ya dini. Jambo hilo likaenea Uingereza yote. Lakini katika kuenea kwake palikuwa na watoaji waliokipima kipawa kwa kibaba. Bibi Hannah More, aliyefungua shule za namna hiyo katika vijiji vya Somerset tangu mwaka 1789, aliwafundisha watoto wa maskini kusoma lakini hakukubali wafundishwe kuandika. Kusoma kuliwafikisha kwenye Biblia; kuandika, kwa maoni yake, kungewatoa katika daraja lao. Alikuwa mwema, alivumilia dharau nyingi kwa ajili ya watoto wale, na bado alijiwekea yeye haki ya kuamua mwisho wa safari yao. Hata hivyo herufi hazimtii aliyezigawa. Mtoto aliyefundishwa kusoma Zaburi aliweza vilevile kusoma gazeti.

Tuje kwetu. Katika nchi ya Wakikuyu Wakristo wa kwanza waliitwa athomi, maana yake wasomaji. Jina hilo laonyesha jinsi zawadi mbili zilivyofungwa katika furushi moja: aliyetaka kitabu alikipata kwa wenye dini, na aliyeingia dini alipewa kitabu. Mwaka 1929 furushi hilo lilipasuka. Misheni kadhaa za Kiprotestanti ziliwataka waumini na walimu wao waape, kwa sahihi au kwa alama ya kidole gumba, ya kuwa wameikana desturi ya kuwakeketa wasichana. Wengi walikataa. Walimu walipoteza kazi, wazazi walitengwa na kanisa, na watoto wengi walitoka katika shule za misheni. Ndipo zilipostawi shule za kujitegemea zilizojengwa kwa michango ya wazazi wenyewe, na mwaka 1939 kikafunguliwa chuo cha ualimu cha Githunguri.

Tafadhali usinielewe vibaya. Desturi ile ilikuwa na madhara makubwa kwa wasichana, na tangu mwaka 2011 sheria maalumu ya Kenya inaipiga marufuku. Katika kuipinga, misheni hazikukosea. Lakini zilipofanya mlango wa shule kuwa fimbo, watu wengi waliacha kuitazama desturi wakaitazama fimbo. Desturi ikawa bendera ya heshima yao, na watu waliokuwa karibu kusadikishwa wakawa watetezi wake. Hapo twajifunza ya kuwa hata neno la kweli huharibika likifungwa katika riziki ya mtoto. Mzazi hawezi kulipima neno hilo kwa akili huru, kwa kuwa mwanawe ameshikwa rehani.

Hapana shaka kuna msomaji atakayesema: "Basi na waache dini kabisa. Wawape watoto uji na hesabu, wanyamaze juu ya Mungu." Rai hii yafaa kupimwa kwa haki. Mama yule mpika uji aliamka alfajiri, akauza maandazi, na jioni akasimama mbele ya moto kwa ajili ya watoto wasio wake, bila mshahara. Ukimwuliza sababu, atakuambia ni Yesu. Kumwambia aufiche moyo unaomwendesha ni kumtaka aseme uongo kila siku. Isitoshe, mzazi ana haki ya kujua ni nani anayekaa na mwanawe na anaamini nini. Anayefundisha dini chini ya jina la hesabu ni mbaya kuliko anayeifundisha kwa jina lake, kwa maana wa kwanza amemnyima mzazi nafasi ya kukataa. Ukimya hauondoi chambo. Waweza kukificha tu.

Wengine watasema: "Mwenye mali ana uhuru wa kumpa amtakaye." Ni kweli kwamba fedha chache hazitoshi wote, na kuchagua ni lazima. Lakini uchaguzi una sababu zake. Ukichagua kwa uhitaji, umemtazama mtoto. Ukichagua kwa mahudhurio ya mzazi ibadani, umeitazama hesabu yako mwenyewe, na mtoto umemfanya sarafu. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 32, yampa kila mtu uhuru wa dhamiri na dini, na yakataza mtu kunyimwa nafasi katika taasisi yoyote kwa sababu ya imani yake. Lakini hata pasipo katiba, Mkristo anacho kitabu chake. Humo mna habari ya watu kumi wenye ukoma walioponywa na Yesu. Mmoja tu ndiye aliyerudi kushukuru, naye alikuwa Msamaria, mtu wa kabila lililodharauliwa. Yesu aliuliza wale tisa wako wapi, na katika kuuliza kwake mna huzuni. Lakini hatusomi popote ya kuwa ukoma uliwarudia. Walikwenda zao na afya yao.

Kwangu mimi, hicho ndicho kipimo. Ukitaka kujua kama wema fulani ni hisani au ni chambo, usiwatazame waliokubali. Hao kila mtoaji huwaonyesha wageni kwa furaha. Mtazame mtoto wa mzazi aliyesema hapana. Je, kesho yake bakuli lake linajazwa kama la wenzake? Je, akikosea hesabu anasahihishwa kwa uvumilivu uleule? Je, walezi wakipita mlangoni kwao bado wanabisha hodi na kuwajulia hali? Ikiwa ndivyo, basi watoaji na wahubiri wapendavyo, nao hawamdhulumu mtu. Ikiwa sivyo, hata wakinyamaza juu ya dini mwaka mzima, uji wao una ndoana ndani.

Nilirudi katika kamati nikasema niliyopaswa kusema mwanzo. Sikusema kwa ufasaha, na wengine hawakupendezwa. Baada ya mikutano miwili sharti lile liliondolewa, na sare zikagawanywa kwa uhitaji. Yule mvulana mdogo alirudi, akapata sare yake. Dada yake hakurudi tena. Nilikuwa nikimwona sokoni jioni akimsaidia mama yake, naye aliniamkia kwa adabu, "Shikamoo, mwalimu," kisha akageuza uso kwenye karai. Adabu ile ndiyo adhabu yangu, nami sina wa kumlaumu. Jambo lililovunjwa na ukimya wa dakika moja halikuungwa na maneno ya mikutano miwili.

Kijana unayesoma, wazee wetu walisema tenda wema uende zako. Hawakusema utende wema ukae mlangoni ukingoje malipo. Ukiwa na imani, usiionee haya; itaje mlangoni kabla mgeni hajaketi, ili ajue nyumba aliyoingia. Kisha mpakulie, na mkono wako usiwe mzito kwa huyu na mwepesi kwa yule. Na kama siku moja utaketi katika mkutano, ukasikia shauri lenye sura ya busara, nawe ukijua ni jina la mtoto gani litakalokatwa, usingoje kwenda kuketi mkekani kwa mama yake ndipo upate ulimi. Sema palepale.