SALAMU NI HAKI, SI SADAKA





Wapo katika watu wa mwambao wenye biashara na nchi ya Kisii na Nyamira. Huko ndiko yatokako mawe laini ya Tabaka, yachongwayo vinyago na kuuzwa Mombasa. Ni nchi ya vilima na mvua nyingi. Wakati wa tope hata mzima wa miguu hutamani kushikwa mkono. Basi mwenye kutembelea magongo, au kipofu na fimbo yake, huwahitaji watu zaidi njiani. Na adabu za watu hao ndizo zimrahisishiazo njia au zimzidishiazo mlima.

Wenyeji wa huko, Wagusii, wana kanuni za heshima baina ya wazazi na watoto, nao huziita chinsoni. Neno hilo si geni kwetu, kwani nasi twasema soni kwa maana ya haya. Na Mtume wetu, s.a.w., ametufunza kuwa haya ni katika imani. Lakini haya hiyo, bara na pwani, hutuponyoka tukutanapo na mwenye ulemavu.

Iwe ni soko la Daraja Mbili mjini Kisii au Marikiti ya Mombasa, kipofu husimama mbele ya muuzaji, na muuzaji akamwuliza kijana aliyemshika mkono: "Anataka nini huyu?" Ulimi anao, na fedha ni zake! Na mwenye magongo hupita zake kwenda kazini, mtu akamtia shilingi mkononi pasina kumwamkia. Hakuomba. Sadaka ni jambo tukufu, lakini anayemdhania kila kilema kuwa ni mwombaji amemvunjia heshima yake, na hiyo shilingi hailipi.

Ndugu zetu, zingatieni Sura ya Abasa. Abdallah bin Ummi Maktum alimjia Mtume akitaka elimu, naye alikuwa akizungumza na wakubwa wa Makureshi; akakunja uso na kugeuka, na Mwenyezi Mungu akamteremshia mawaidha. Ajabu ni kwamba Abdallah alikuwa kipofu: uso ule hakuuona. Basi yatubainikia kuwa adabu haipimwi kwa yule kuona au kutoona, kusikia au kutosikia. Mola wetu aona. Na baadaye kipofu huyo akawa mwadhini pamoja na Bilali, na Mtume akimwachia Madina aswalishe watu alipokuwa safarini.

Yatupasa basi tujifunze. Ukimsalimu asiyeona, taja jina lako, wala usimfanyie kitendawili cha "nijue ni nani." Usimkokote kwa fimbo yake, mpe mkono wako aushike yeye. Asiyesikia, mwelekee uso kwa uso wala usimpigie makelele. Mwenye kigugumizi, mwache amalize neno lake. Mwenye kiti cha magurudumu, usikisukume bila ya idhini yake, hata kwenye mlima wa Kisii. Uliza kwanza: "Nikusaidie vipi?" Naye, akipenda kusaidiwa au asipopenda, na ajibu kwa neno jema, kwani adabu ni ya pande zote mbili.

Na wasemao kuwa ulemavu ni laana au uchawi, hao wamemsingizia Muumba. Qur'ani imekataza kudharauliana na kuitana majina mabaya. Hata Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, imempa mwenye ulemavu haki ya kuitwa na kutajwa pasina kudunishwa. Itakuwa fedheha iliyoje sheria ya nchi itukumbushe tuliyokwisha kufunzwa na Mola wetu zaidi ya miaka elfu na mia tatu iliyopita!

Mwenyezi Mungu atujaalie nyuso zisizokunjamana mbele ya waja wake. Amin.