Hesabu Kabla ya Machozi

Kila mchango Nairobi siku hizi huanza na picha. Mtoto kitandani, mirija puani, nambari ya paybill chini yake. Tumezoea hivyo hadi ujumbe wa mchango usio na picha tunaushuku. Lakini nani alisema maskini lazima afunue kidonda ndipo anunuliwe dawa?

Swali hili lilinikaba mwaka jana nilipoandaa mchango wa kikundi cha akina mama mtaani kwetu Umoja. Wanalea watoto wenye mtindio wa ubongo, na walihitaji viti maalum vya magurudumu, saba kwa jumla. Maandalizi yenyewe si kazi ngumu sana. Unatafuta ukumbi wa kanisa, viti vya plastiki, spika, chai na mandazi, na MC anayejua kuchekesha watu bila kuwakera. Kazi ilikuja kwenye kikao cha pili cha kamati, rafiki yangu alipopendekeza watoto wapitishwe mbele mmoja mmoja huku mama zao wakisimulia.

"Bila hivyo watu watatoa soo waende zao," alisema.

Hakuwa na roho mbaya, na hoja anayo. Binadamu huguswa na uso kuliko orodha ya bei. Ukiniambia kuna watoto saba wanaohitaji viti, nitasema pole. Ukinionyesha mmoja akijaribu kushika kikombe, nitatoa simu mfukoni.

Nilimwendea mmoja wa akina mama nikamuuliza anaonaje. Alinijibu, "Mimi nitakubali tu, mwanangu. Nitakataaje na ninyi ndio mnatusaidia?"

Sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inataka mzazi au mlezi atoe idhini kabla ya taarifa za mtoto kutumiwa. Kisheria, basi, mama yule angetia sahihi na mambo yakaisha. Lakini "ndiyo" ya mtu ambaye hawezi kusema "hapana" ina uzito gani? Idhini ya kweli ni ile ambayo ukiikataa hupotezi kitu. Hii nyingine ni kama kodi ambayo mwenye shida hutozwa na wanaomsaidia.

Harambee ya awali haikuwa hivi. Baada ya Jomo Kenyatta kuifanya kauli ya taifa mnamo 1963, wanavijiji walijenga mamia ya shule za upili wenyewe. Huyu alileta mawe, yule mchanga, mwingine siku mbili za kazi. Aliyetoa ndiye aliyepokea, kwa kuwa mwanawe angesomea pale. Hakuna aliyedai aletewe mtoto asiyesoma alie mbele yake kwanza. Ukuta uliokuwa ukipanda ndio ulikuwa hesabu. Ukitaka kujua mchango wako uko wapi, unaupita ukienda sokoni.

Kisha wanasiasa wakaja na mabunda ya noti, harambee ikageuka jukwaa, hadi sheria ya maadili ya watumishi wa umma ya 2003 ikajaribu kuwazuia kutumia vyeo vyao kukusanya michango. Leo pesa zinapita kwenye simu, na ukuta hatuuoni. Hapo ndipo naona kiini cha jambo. Tumeumwa na matapeli, tumepoteza imani, na pengo hilo tunalijaza kwa machozi. Picha ya mtoto imekuwa badala ya risiti. Ajabu ni kwamba picha haithibitishi chochote, maana hata tapeli anayo.

Kamati ilikubali kujaribu njia nyingine. Mlangoni tuliweka meza yenye bei za viti kutoka kwa wauzaji watatu na majina ya watu watatu wa kuidhinisha kila malipo. Watoto walicheza chumba cha pili na binamu zao. Mama aliyetaka kuongea aliongea, asiyetaka alikunywa chai kama wageni wengine. Baada ya wiki mbili kila aliyechanga alipata risiti kwenye simu yake.

Tulinunua viti vinne.

Je, tungewapitisha watoto mbele, tungepata saba? Pengine. Siwezi kulikwepa hilo, kwa sababu heshima niliyoitetea haikunigharimu mimi. Iligharimu watoto watatu ambao bado wanabebwa mgongoni. Anayesema utu hauna bei hajawahi kukaa na karatasi ya bei mkononi.

Hata hivyo, bei hiyo haikupangwa na akina mama, wala na kamati. Iliyoipanga ni mikono yetu sisi watoaji, inayofunguka tukiona mtoto anaumia na kufunga tukionyeshwa hesabu safi. Tukibadilika sisi, hakuna mwandaaji atakayelazimika kuchagua kati ya kiti na heshima ya mtoto. Kwa hivyo ujumbe wa mchango ukiingia kwenye grupu lenu leo jioni, usiulize mgonjwa anafanana vipi. Uliza nani anashika pesa, kitu kinauzwa ngapi, risiti italetwa lini. Ukijibiwa vizuri, toa kana kwamba umeona picha.