Hata Huzuni Nzito ni Ugonjwa



Wapenzi wanandoa, siku ile mliposimama mbele ya altare mliahidiana uaminifu katika taabu na raha, katika ugonjwa na afya. Tukilikumbuka neno hilo “ugonjwa”, wengi wetu huwaza malaria, kisukari, shinikizo la damu au ajali ya barabarani. Ni wachache wanaoifikiria siku ambayo mume atalala akiutazama ukuta, hana homa wala jeraha, lakini hawezi kuinuka. Ugonjwa huo pia umo katika ahadi yenu.

Waganga huuita sonona, na wengine huuita dipresheni. Si huzuni ya kawaida ya kufiwa au ya kukosa karo, ambayo hupungua polepole. Ni uzito unaomkalia mtu kutwa kucha kwa majuma mawili au zaidi. Usingizi hupotea au huzidi. Chakula hakina ladha. Mambo aliyoyapenda hayamvutii tena. Hujiona hana maana, na pengine huanza kufikiri kwamba nyumba ingekuwa afadhali bila yeye.

Tutazame mfano wa mtu mmoja mashuhuri. John Fetterman ni seneta wa jimbo la Pennsylvania huko Marekani, mtu mrefu wa miraba minne, mwenye mke na watoto watatu. Mwezi wa Mei 2022, akiwa katikati ya kampeni, alipatwa na kiharusi. Alipona kiasi, na Novemba akashinda uchaguzi. Ungedhani angefurahi. Kumbe baadaye alieleza kwamba, ingawa alikuwa ameshinda, ugonjwa ulimfanya ajione kama mtu aliyeshindwa. Aliacha kula vizuri. Hakutaka kutoka kitandani. Watoto wake walimwona akififia mbele ya macho yao.

Tarehe 15 Februari 2023 alikubali kulazwa katika hospitali ya Walter Reed. Kesho yake ofisi yake ilitangaza wazi kwamba anatibiwa sonona. Haikusingizia uchovu wala safari. Mkewe, Gisele, alisema hadharani kwamba anaona fahari kwa sababu mumewe ameomba msaada. Alikaa hospitalini wiki sita, akaruhusiwa tarehe 31 Machi, akarudi kazini.

Lakini wako waliouficha ugonjwa huu, nao walikuwa na sababu. Mwaka 1972 seneta mwingine wa Marekani, Thomas Eagleton, Mkatoliki mwenzetu, aliteuliwa kuwa mgombea wa umakamu wa rais. Hakuwa amesema kwamba miaka ya nyuma alilazwa mara tatu kwa ajili ya sonona. Habari zilipofichuka, siku 18 tu baada ya kuteuliwa, alilazimika kujiondoa. Hata hivyo watu wa jimbo lake la Missouri walimchagua tena mwaka 1974, na tena 1980. Waliomjua walijua kwamba kuugua si kupungukiwa utu.

Sasa turudi nyumbani kwetu. Hapa hatuogopi magazeti. Tunaogopa majirani, wakwe na wanajumuiya. Mama aliyejifungua miezi miwili iliyopita analia kila asubuhi, nasi twasema ana deko. Baba aliyeachishwa kazi haongei tena mezani, mkewe anadhani ana mwanamke mwingine. Wengine husema amerogwa, au ana pepo, au imani yake imelegea. Kwa njia hiyo ugonjwa unageuzwa kuwa ugomvi wa ndoa. Mgonjwa anazidi kujifungia, na mwenzi wake anazidi kuumia akidhani hapendwi tena.

Je, ni imani iliyolegea? Someni Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Eliya, nabii aliyetoka kushinda mlimani Karmeli, aliketi chini ya mti jangwani akamwomba Mungu amtoe uhai. Mungu hakumkemea. Alimwachia alale, akamtuma malaika amletee mkate na maji, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili kwa sababu safari ilikuwa ndefu. Mazungumzo yalikuja baadaye. Naye Yoshua bin Sira, sura ya 38, anatufundisha tumheshimu mganga na dawa, kwa kuwa vyote vimetoka kwa Mungu. Hatutakiwi kuchagua kati ya rozari na hospitali. Chukueni vyote viwili.

Ikiwa mwenzi wako yumo katika hali hii, fanya hivi:

1. Sema naye mkiwa peke yenu, bila lawama. Mwambie: “Baba watoto, naona hulali wala huli. Nadhani ni ugonjwa. Twende pamoja hospitali.” Usimwambie ajikaze, angeweza, angekuwa amekwisha kujikaza.

2. Fuatana naye. Anzeni na kituo cha afya au hospitali ya kaunti. Mganga atapima kwanza kama kuna ugonjwa mwingine mwilini, na akiona haja atawatuma kwa mtaalamu. Matibabu ni mazungumzo na mshauri, au dawa, au vyote pamoja. Dawa huchukua majuma kadhaa kabla ya kuonyesha nguvu yake, basi asiziache njiani bila idhini ya mganga.

3. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Humfungulia mlango wa kusema. Akikubali, usimwache peke yake, ondoa dawa za shamba na kamba karibu naye, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Msiogope polisi: Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kifungu cha sheria kilichomwadhibu mtu aliyejaribu kujiua ni kinyume cha Katiba.

4. Chagueni pamoja watu wawili au watatu wa kuwaambia: ndugu, padre, rafiki wa jumuiya. Siri ya ugonjwa ni ya mgonjwa, usiitangaze bila ridhaa yake. Lakini nawe usibebe mzigo peke yako hadi ukaanguka. Mwombeni padre Mpako wa Wagonjwa ugonjwa ukiwa mzito. Sakramenti hiyo si ya wanaokata roho tu.

5. Ugonjwa si ruhusa ya kupiga. Ukipigwa, jiepushe na hatari wewe na watoto, ndipo utafute msaada.

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Tumezika wengi ambao nyumbani kwao hakuna aliyethubutu kuutaja ugonjwa kwa jina lake.

Kwa mazungumzo yenu jioni ya leo: Je, mwenzangu amebadilika tangu mwaka jana? Mimi mwenyewe nikielemewa, naweza kumwambia? Ni neno gani langu linalomfanya anyamaze?

Bwana wetu Yesu, aliyehuzunika sana Gethsemani akawaomba rafiki zake wakeshe pamoja naye, awape neema ya kukesha mmoja kwa ajili ya mwenzake. Amina.