"Ajali Haina Kinga"

Ni nadra kukaa msibani pasipo kulisikia neno hili: "Ajali haina kinga." Husemwa juu ya mtoto aliyegongwa na gari, juu ya mvuvi aliyezama, hata juu ya mama aliyecheleweshwa kupelekwa hospitali. Waombolezaji huitikia, kisha kila mtu hurudi kwake. Yatupasa leo kulipima neno hilo kwa mizani ya imani yetu.

Kwanza tuwatendee haki wazee wetu. Neno "ajali" lilitoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni muda uliowekwa, yaani saa ya kufa. Hakuna mwanadamu awezaye kuikwepa saa hiyo. Nasi twalisadiki hilo. Bwana wetu Yesu Kristu, alipowataja watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu, alikataa kuwahesabu kuwa wakosefu kupita wengine, bali aliwaonya wasikilizaji wake watubu. Basi mfiwa asemaye methali hii ili aipokee huzuni yake pasipo kumnung'unikia Mungu, hakosi.

Lakini siku hizi ajali ni jina la kila dhara litokealo ghafula, na methali imehamia midomoni mwa watu wengine. Huisema dereva aliyekunywa pombe, na mwenye gari lisilo na breki. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, katika Ziwa Viktoria. Kilikuwa kimetengenezwa kuchukua abiria 101. Waliokufa peke yao walizidi 220. Je, hapo hapakuwa na kinga? Kinga ilikuwa kuwahesabu watu kabla ya kung'oa nanga.

Kitabu cha Kumbukumbu la Torati kilimwamuru kila ajengaye nyumba mpya aweke ukingo kuzunguka dari yake, mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Mungu hakuridhika kuambiwa kwamba aliyeanguka siku yake imefika, alidai kinga. Tena Shetani alipomshawishi Bwana wetu ajitupe kutoka juu ya Hekalu kwa kuwategemea malaika, Bwana alikataa, kwa maana huko ni kumjaribu Mungu. Ndiyo sababu Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, ikifafanua amri ya tano, yawahesabia hatia kubwa wale wahatarishao maisha ya watu kwa ulevi au kwa kupenda mwendo wa kasi.

Enyi wazazi, mwapakia watoto watatu juu ya pikipiki moja, bila kofia ngumu hata kwa mmoja, kisha mwamwomba malaika mlinzi awalinde? Malaika hakupewa kazi ya kufuta uzembe wetu. Nawe uliyesababisha kifo kwa kutojali, usijifiche nyuma ya methali. Nenda kaungame, kisha uwakumbuke mjane na mayatima, kwani deni lao halilipwi kwa rambirambi peke yake.

Tukiisha kutimiza yaliyo mikononi mwetu, ndipo tuwezapo kusema kwa dhamiri safi kwamba saa yetu imo mikononi mwa Mungu. Asemaye hivyo kabla ya kutimiza wajibu wake, amsingizia Mungu kosa lililo lake mwenyewe.