Mtazamaji Asimame Wapi?

Watu wasiopenda mbio za magari wana swali moja ambalo huniuliza kila mwaka, na huliuliza kwa sauti ya mtu ambaye jibu analo tayari. "Mwalimu, mtu mzima kama wewe, umewafundisha walimu miaka yote hiyo, unafuata nini kwenye vumbi lile? Si mnakwenda kuona watu wakifa?" Nimelisikia dukani, nimelisikia matangani, na mara moja nimelisikia kwa daktari wa macho, kidevu changu kikiwa juu ya mashine, nisiweze hata kufumbua kinywa.

Si swali baya. Mwalimu hapaswi kulikimbia swali kwa sababu tu muulizaji ana dharau. Lakini naona wanaouliza wanayashutumu macho yetu, yaani kile tunachotazama, na hawaulizi lolote kuhusu miguu yetu. Mimi, kadiri ninavyozidi kuzeeka katika ushabiki huu, ndivyo miguu inavyonitia wasiwasi zaidi.

Tuyamalize ya macho kwanza. Ni kweli kwamba pasipo hatari mbio hizi zisingekuwa na ladha. Hakuna mtu angeamka saa tisa za usiku, akafunga chai kwenye chupa na mandazi kwenye gazeti, akaketi nyasini saa tano nzima kungoja gari litakalopita mbele yake kwa sekunde nane, kama gari hilo lingepita kwa mwendo wa basi la shule. Hatari imo, na sisi tunaijua. Lakini jichunguze, msomaji, kama umewahi kusimama penye kona siku ya mashindano. Kwanza huja helikopta. Halafu huja mlio, mbali, ukipanda na kushuka kadiri dereva anavyobadilisha gia. Halafu vumbi linainuka nyuma ya migunga. Gari linatokea likiwa limelala ubavu, pua imeelekea kwako na magurudumu yameelekea kwingine, na kwa kipimo chochote cha akili ya kawaida lazima lipinduke. Halipinduki. Kifua kinashuka, watu wanapiga kelele. Furaha ile ni ya kuona ajali ikikataa kutokea kwa sababu binadamu mmoja amejifunza kazi yake vizuri mno. Ni jamaa wa furaha tuipatayo kwa fundi anayepaka rangi ukuta wa ghorofa ya kumi, au kwa nahodha anayepitisha jahazi kwenye mwanya wa miamba. Anayetamani gari lipinduke yupo pia, sikatai. Yupo kila mahali mtu huyo, hata kwenye mahafali.

Basi macho nayaachilia. Sasa miguu.

Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, kwa ajili ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kwa karibu nusu karne hayakuwa na uwanja. Uwanja wake ulikuwa barabara zetu zile zile: za kwendea sokoni, za kupeleka maziwa, za kusindikizia bibi harusi. Kwa siku chache za Pasaka madereva walikwenda hata kilomita 5,000 na zaidi, usiku na mchana, na barabara haikufungwa. Dereva aliweza kukutana na lori la kabichi, ng'ombe, au mwendesha baiskeli aliyebeba magodoro. Timu tajiri zilirusha helikopta mbele ya gari ili kuwatahadharisha madereva wao. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84 yakamaliza 7; mwaka 1968 yakaondoka 93, nayo pia yakamaliza 7. Joginder Singh, mtu wa Kericho, alishinda mwaka 1965 kwa Volvo iliyokwisha kutumika na wengine, akashinda tena 1974 na 1976. Shekhar Mehta alishinda mara tano, nne kati yake mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982. Majina hayo tuliyajua sisi vijana kama tulivyojua majina ya mito.

Katika Safari ile ya zamani, mtazamaji alikuwa mwenyeji. Mama aliyesimama mbele ya kibanda chake huko Taita au Mbooni hakwenda kwenye mashindano. Mashindano ndiyo yaliyomjia, bila kubisha hodi. Hakuna aliyemwuliza kama mbuzi wake watafungwa wapi siku hiyo. Kama kulikuwa na wa kulaumiwa kwa hatari iliyompata pale, hakuwa yeye. Haki ya kusimama alikuwa nayo kabla hata gari halijabuniwa.

Mambo yakageuka. Baada ya mwaka 2002 Safari iliondolewa katika mashindano ya ubingwa wa dunia, ikarudi mwaka 2021 ikiwa na sura nyingine. Siku hizi hukimbiwa zaidi katika mashamba makubwa na hifadhi za pande za Naivasha na Elmenteita, kwenye njia zilizofungwa, na kilomita za kushindania muda hazifiki 400. Kuna sehemu zilizotengwa kwa watazamaji, kuna utepe, kuna wasimamizi wenye fulana za kung'aa. Wazee wenzangu hulalamika kwamba Safari imehasiwa. Siwafuati moja kwa moja huko. Dereva aliyeuona mchanga wa Kedong, ule unaomeza gari mpaka mlangoni, hasemi hivyo. Ninachokiona mimi ni kwamba nafasi zimebadilishana. Sasa sisi ndio tunaosafiri kuyafuata mashindano, tumekuwa wageni, na mgeni hupewa pa kukaa.

Pasaka ya mwaka 2024 nilikwenda na mjukuu wangu, kijana wa miaka kumi na tisa, ambaye kwa mambo ya magari ananipita mbali. Tulilala Naivasha, au tuseme tuliketi Naivasha, maana muziki haukuacha mtu alale. Jumamosi, tarehe 30 Machi, tulikuwa upande wa Elmenteita kabla ya mapambazuko. Mvua ilikuwa imenyesha, ardhi imekuwa utelezi mweusi. Ule mlima ambao watu huuona kama shujaa aliyelala chali ulikuwa umejifunika wingu mpaka kifuani. Tulipata nafasi nzuri nyuma ya utepe, juu kidogo, tukiona kona mbili na mteremko.

Kulipokucha vizuri vijana wakaanza kusogea. Hakuna aliyetoa amri. Mmoja alipita chini ya utepe ili apige picha, wawili wakamfuata ili wasizibwe na yule wa kwanza, na baada ya nusu saa palikuwa na safu ya watu thelathini hivi ukingoni mwa njia, upande wa nje wa kona. Baba mmoja alikuwa amemweka mtoto mabegani. Msimamizi, msichana mdogo wa sauti nyembamba, alipuliza filimbi mpaka akachoka. Mjukuu wangu naye miguu ikamwasha.

"Babu, twende pale. Hapa tunaona kama tuko kwenye televisheni."

Nikamwambia abaki.

"Lakini Babu, hawa ni mabingwa wa dunia. Hawawezi kutugonga. Wanajua gari liko wapi hadi sentimita."

Jibu langu la wakati ule lilikuwa fupi, la kibabu, nalo halifai kuandikwa. Lakini hoja yake ilistahili jibu refu. Itazame vizuri. Anamsifu dereva, kisha anaigeuza sifa hiyo kuwa deni. Kwa kuwa wewe ni hodari, nitajiweka mbele yako, na uhodari wako uulinde mwili wangu. Tunafanya hivyo katika mengi: mwalimu hodari hurundikiwa darasa la watoto themanini, binti mwenye bidii hurundikiwa vyombo vya nyumba nzima.

Dereva anapofunga mkanda na kuvaa kofia amekubali jambo moja, kwamba huenda akaumia au akafa yeye. Mwelekezi wake aliyeketi kando na daftari amekubali hilo hilo. Mtu mzima anaruhusiwa kuuweka mwili wake rehani kwa ajili ya kitu anachokipenda. Tungelikataa hilo tungewazuia pia wapanda milima na wavuvi. Lakini kuna jambo jingine ambalo hakulikubali, wala hakuulizwa: kumuua mtu. Yule anayepita chini ya utepe hudhani anahatarisha maisha yake mwenyewe tu, tena hujiona shujaa. Kumbe anamtwika dereva mzigo ambao, ukimwangukia, ataubeba kila asubuhi atakapoamka, miaka arobaini.

Madereva wenyewe walikwisha kulisema hili, na hawakulisema kwa mafumbo. Machi 1986, katika mashindano ya Ureno, watu walijaa barabarani karibu na Sintra. Magari ya wakati ule, ya lile lililoitwa Kundi B, yalikuwa na nguvu za farasi zaidi ya 400. Watazamaji walifunga njia, wakawa wanaifungua sekunde ya mwisho, na wengine walishindana kuligusa gari likipita. Mreno Joaquim Santos, akijaribu kuwakwepa watu, alishindwa kulimudu gari lake, likaingia katika umati. Watu watatu walikufa na zaidi ya 30 wakajeruhiwa. Madereva wa timu za viwanda walikutana hotelini huko Estoril, wakaandika tamko la pamoja, wakakataa kuendelea. Miongoni mwa waliojitoa alikuwamo Mfini Henri Toivonen. Miezi miwili haikutimia, yeye na mwelekezi wake Sergio Cresto wakafa katika kisiwa cha Corsica, gari lao lilipotoka barabarani na kuwaka moto, na mwaka 1987 Kundi B likapigwa marufuku.

Nimeyatafakari sana matukio hayo mawili yakiwa yamekaa pamoja hivyo. Toivonen hakuwa mwoga. Alirudi kwenye usukani akijua vizuri kile kinachoweza kumpata. Jambo ambalo yeye na wenzake waligoma kulibeba kule Ureno lilikuwa jingine kabisa.

Mtu ataniambia: mbona wapo waliokufa wakiwa wamekaa palepale walipoambiwa wakae? Ni kweli. Le Mans, Ufaransa, Juni 1955, gari la Pierre Levegh liligonga jingine likavunjika, na vipande vyake vikawaua watazamaji zaidi ya 80 waliokuwa mbele ya jukwaa. Wale hawakuvuka utepe wowote. Deni la vifo vile liko kwa njia nyembamba iliyojengwa kwa magari ya zama zilizopita na kwa walioiacha hivyo. Lakini huwezi kuchukua msiba wa waliotii ukaufanya kibali cha wasiotii. Nadhani ni kinyume: kama hata aliyekaa mahali pake hana hakika, yule wa ukingoni anasimama juu ya nini?

Kuhusu mtoto yule wa mabegani nina machache ya kusema, kwa sababu nikianza sitamaliza. Hakuchagua. Aliona vizuri kuliko sisi sote.

Najua pia hoja ya wazee wenzangu, kwamba Safari bila watu kusogea si Safari, kwamba ukaribu ndio uliokuwa roho yake. Hiyo naielewa, maana nami nimeonja. Katikati ya miaka ya 1970 nilikuwa mwalimu mchanga katika milima ya Taita. Usiku mmoja wa Pasaka, mvua ikimwagika, magari makubwa yalikuwa yamekwisha kupita tangu jioni, na redio ilikuwa imeanza kuwataja walioongoza waliokuwa mbali sana mbele. Sisi tulikuwa bado tumesimama ukutani mwa duka, tukilowa. Likaja gari moja, taa moja imekufa, likapanda kona taratibu, likateleza kwa nyuma hadi mtaroni. Dereva alitoka. Hakuwa mtu wa magazetini. Alikuwa mwenzetu wa Nairobi aliyekuwa akishindana kwa gari lake mwenyewe. Hakusema neno, alitutazama tu.

Tulishuka watu kumi na wawili hivi. Mzee mwenye duka alileta magunia matupu tukayatandika chini ya magurudumu. Mama mmoja alikuja na jembe, akachimba matope mbele ya tairi huku akitutukana kwa uzembe wetu wa kusukuma. Tulisukuma, tukaanguka, tukasukuma tena, na gari likapanda barabarani likitumwagia tope kuanzia kichwani. Mwelekezi alinyoosha mkono dirishani. Taa nyekundu zikapotea penye mkunjo wa mlima.

"Atashinda huyu?" akauliza mtoto wa mwenye duka.

"Huyu?" mzee akamjibu, akikamua fulana yake. "Huyu akifika Voi na ashukuru. Okota magunia."