Nani Mwenye Haki ya Kusamehe?



Liko jambo ambalo wengi wetu twalijua lakini hatulisemi, nalo ni mtoto kunajisiwa na mtu wa nyumbani kwake. Katika utafiti uliofanywa nchini mwaka 2009, karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walieleza kuwa walitendewa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. (Naam, wavulana pia, hao twawasahau upesi.) Basi watu hao wamo kati yetu, na wengine sasa ni wazazi.

Tuseme mjomba amemnajisi binti wa dada yake. Kwetu huku, kwa desturi ya ukoo wa mama, mjomba ndiye msemaji wa watoto hao. Kwa hiyo mkosaji mwenyewe yumo barazani. Faini inatajwa, italipwa korosho zikiuzwa. Wazee wanapeana mikono, wanasema yamekwisha, wamesameheana. Nauliza: wamesamehe deni la nani? Mtu husamehe deni analodai mwenyewe, na binti hakuitwa.

Someni Samweli wa Pili, sura ya 13. Tamari alipotendwa vibaya na Amnoni, Absalomu alimwambia anyamaze, na Mfalme Daudi alikasirika ila hakutenda neno. Nyumba ikaonekana imetulia. Baada ya miaka miwili Absalomu akamwua Amnoni. Wazee husema kesi ikifika polisi ukoo utavunjika. Huenda ni kweli, na hasara hiyo si ndogo. Lakini aliyeuvunja si mtoto aliyesema.

Tena, mtu mzima akikujia na habari zilizompata akiwa na miaka 9, usimwulize kwa nini hakusema siku ile. Angemwambia nani? Msikilize, mwambie kosa halikuwa lake, na maneno yake yasifike kisimani. Wataalamu wa ushauri nasaha humsaidia asimulie kidogo kidogo, mahali pa salama, hata kumbukumbu isimtawale. Kwenda kwao si kukosa imani. Wala tusimshurutishe asamehe ndipo akaribie Meza ya Bwana.

Kwa mtoto wa leo, baraza halitoshi, wala Padre si hakimu. Sheria ya mwaka 1998 iliweka kifungo kisichopungua miaka 30 kwa kosa la kubaka. Apelekwe hospitali mara moja, kabla ya kuogeshwa, na habari zifike Dawati la Jinsia na Watoto kituoni polisi. Namba ya simu ya kusaidia watoto ni 116, nayo haina malipo.